Mashindano Makubwa na Utalii: Tuhesabu Usiku wa Ziada, Tusihesabu Vichwa

Tangu tarehe 27 Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipotangaza jijini Cairo kwamba Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, kuna sentensi moja inayorudiwa vijiweni, redioni na kwenye hotuba: mashindano yataleta watalii. Upande wa pili wapo wanaojibu kwamba ni kuchezea fedha za umma, kwa sababu mpira haujawahi kuuza mlima wala bahari. Ubishi hauishi, na sababu moja ya kutoisha ni kwamba wabishanao wanatumia neno "watalii" kila mtu kwa maana yake.

Basi tuanzie kwenye neno lenyewe. Kwa hesabu zinazokubalika kimataifa, mtalii ni mtu anayesafiri nje ya mazingira yake ya kawaida, akalala huko angalau usiku mmoja bila kuzidi mwaka, na ambaye hakwenda kuajiriwa na mtu wa huko. Hakuna sharti la rangi wala la kamera shingoni. Shabiki wa Senegal anayelala Temeke baada ya mechi ni mtalii. Shabiki wa Moshi anayepanda basi hadi Dar es Salaam na kulala gesti ya Keko ni mtalii pia, wa ndani. Yule wa Kibaha anayerudi kitandani kwake usiku uleule si mtalii. Ni mgeni wa siku. Wote watatu wamekaa jukwaa moja na wamelipia tiketi ya bei moja, lakini kwa uchumi wa nchi ni watu watatu tofauti kabisa.

Tofauti iko kwenye chanzo cha fedha. Mkazi wa Mbagala akitoa shilingi 5,000 getini, fedha hiyo ilikuwa Mbagala na ingetumika Mbagala: kwenye nyama choma, vocha, au kinyozi Jumamosi. Mashindano yameihamisha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Fedha ya Msenegali haikuwepo nchini kabla hajafika. Hiyo ndiyo fedha ya utalii wa kigeni, na ndiyo pekee inayoongeza dola kwenye hazina ya nchi.

Kwa hiyo uwanja kujaa si ushahidi wa utalii. CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ndani, iliyochezwa Agosti 2025 katika nchi zetu tatu, inaonyesha jambo hili vizuri. Timu zilikuwa 19, na wachezaji wote wanatoka ligi za ndani za nchi zao, maana ndiyo kanuni ya mashindano hayo. Hakuna nyota wa Ulaya wa kumfuata, na nauli ya ndege kutoka Afrika Magharibi au Kaskazini hadi huku ni kubwa. Majukwaa yaliyofurika yalikuwa ya wenyeji: Kwa Mkapa kwa Taifa Stars, Kasarani kwa Harambee Stars, Namboole kwa Uganda Cranes. Wenyeji wote watatu walitolewa robo fainali. Fainali ikachezwa Nairobi, Morocco ikaifunga Madagascar 3-2. Anayeipima CHAN kwa watalii wa kigeni anapima samaki kwa kibaba cha mchele. Thamani yake ilikuwa kwingine: ilitufundisha kuendesha mageti, tiketi, usafiri na ulinzi kabla ya mtihani mkubwa.

Afrika Kusini ilihesabu, na hesabu yake inafundisha

Nchi ya Afrika iliyowahi kupima jambo hili kwa uangalifu ni Afrika Kusini baada ya Kombe la Dunia la 2010. Mamlaka yake ya utalii haikuhesabu waliotua tu. Iliwauliza wasafiri sababu kuu ya safari. Jibu lililotoka: wageni 309,554 walikuja mahsusi kwa ajili ya Kombe la Dunia, wakatumia randi bilioni 3.64 nchini. Gawanya, unapata kama randi 11,800 kwa kila mmoja. Makadirio ya kabla ya mashindano yalikuwa yakitaja wageni zaidi ya 400,000. Upande wa matumizi, serikali ilikuwa imetoa makumi ya bilioni za randi kwa viwanja, barabara na viwanja vya ndege.

Mtu akiziweka namba hizo mbili bega kwa bega, anahitimisha kwamba ilikuwa hasara tupu. Taratibu. Uwanja wa ndege wa King Shaka wa Durban, uliofunguliwa Mei 2010, bado unapokea ndege. Treni ya Gautrain, iliyoanza kubeba abiria kati ya uwanja wa ndege wa O.R. Tambo na Sandton siku tatu kabla ya mechi ya kwanza, inabeba watu hadi leo. Vitu hivyo vingejengwa siku moja. Mashindano yaliwawekea wajenzi tarehe isiyosogezwa. Kinachokataliwa na hesabu ni wazo kwamba fedha za mashabiki wa mwezi mmoja zitalipa deni la zege. Hazilipi. Si Afrika Kusini, wala kwingineko.

Na ikumbukwe nani anachukua nini. Kwenye mashindano ya FIFA, haki za televisheni, wadhamini wakuu na tiketi ni mali ya FIFA, ambayo pia hudai misamaha ya kodi kutoka kwa mwenyeji. Katika miaka minne iliyoishia na Kombe la Afrika Kusini, FIFA iliingiza zaidi ya dola bilioni 4. Mwenyeji anabaki na kile ambacho mgeni anakitumia nje ya geti: kitanda, chakula, nauli na matembezi. Kwa hiyo swali la utalii linapungua hadi kuwa hili: mgeni amelala mara ngapi zaidi ya vile ambavyo nchi ingelaza wageni bila mashindano?

Neno "zaidi" ndilo gumu. Tukae nalo kidogo.

Hoteli imejaa, na bado kuna hasara

Chukulia hoteli moja ya Arusha yenye vyumba 60. Julai ni msimu wa juu: nyumbu wako kaskazini mwa Serengeti wakielekea kuvuka Mto Mara, Kilimanjaro ni kukavu, Wazungu wako likizo. Bila mechi yoyote, vyumba 54 vingekuwa na watu. Sasa mashindano yanakuja, mashabiki wanachukua vyumba vyote 60, na habari inaandikwa kwamba hoteli za Arusha zimejaa kwa sababu ya mpira. Ukweli ni kwamba mpira umeongeza vyumba 6.

Lakini haijaisha. Tuwaangalie wale ambao wangelala kwenye vyumba 54. Hoteli ya Arusha kwa kawaida ni mlango wa safari. Mgeni anatua Kilimanjaro jioni, analala Arusha usiku wa kwanza, anakwenda usiku 5 Tarangire, Serengeti na Ngorongoro, kisha analala Arusha usiku wa mwisho. Watu 6 wa safari moja wanachukua vyumba 3 mjini na kujaza Land Cruiser moja. Kampuni ya safari ikikosa vile vyumba 3 vya usiku wa kwanza, au ikikuta bei imepanda maradufu wakati mteja alishauziwa safari mwaka mzima uliopita, safari yote inahamishwa au inakufa.

Hesabu kinachoondoka nayo. Mjini Arusha hakuna pengo: mashabiki 6 wamelala usiku 2 kwenye vyumba vilevile 3, kwa bei ya juu zaidi. Mwenye hoteli anafurahi, tena kwa haki. Pengo liko porini: vyumba 3 kwa usiku 5, yaani usiku 15 wa vyumba katika kambi na lodji za Karatu na Serengeti. Liko kwa dereva anayeongoza watalii, aliyepoteza wiki nzima ya kazi pamoja na bakshishi ya siku ya mwisho. Liko kwenye geti la hifadhi ambako watu 6 wangelipa kwa dola, kila mmoja, kwa kila saa 24. Hakuna mwandishi wa habari atakayeliona pengo hilo, kwa sababu mtu ambaye hakuja hapigwi picha.

Wataalamu huuita msukumano huu kuhamishwa kwa watalii. London uliupata mwaka 2012. Agosti ya Olimpiki, wageni walioingia Uingereza walipungua kwa takriban asilimia 5 kulinganisha na Agosti ya mwaka uliotangulia, ingawa waliokuja walitumia fedha zaidi. Watalii wa kawaida walisikia habari za foleni, bei na ulinzi, wakaenda kwingine. Wengine walisogeza tarehe tu na kuja baadaye, kwa hiyo si wote waliopotea moja kwa moja. Ila mji uliotegemea kufurika ulishangaa kuona baadhi ya mitaa yake ya maduka na sinema imepoa.

Kutokana na hili, tarehe ya mashindano ina uzito kuliko uzuri wa uwanja. AFCON ya 2027 ikichezwa Juni na Julai kama inavyotarajiwa, inaangukia palepale ambapo Arusha, Maasai Mara na Zanzibar hazina vitanda vya akiba. Hilo si sababu ya kulia. Ni sababu ya kupanga nani alale wapi. Uwanja mpya wa Arusha pale Olmoti una viti 30,000; mashabiki wake hawapaswi kugombania lodji na watu wa safari. Moshi, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa gari, ina gesti na hoteli nyingi za bei ya kati. Nyumba za wakazi zinaweza kupokea wageni zikisajiliwa mapema na kukaguliwa vyoo, maji na ulinzi. Jijini Dar es Salaam na Nairobi, hoteli za mikutano na wafanyabiashara zina nafasi kubwa zaidi, hasa mwisho wa wiki.

Kuna kosa jingine la vyumba ambalo Afrika Kusini ililipata, na hoteli zetu zinaweza kuliepuka kwa sentensi moja kwenye mkataba. Waandaaji hushika vyumba kwa jumla miezi mingi kabla, hoteli inawafungia milango wateja wake wa kila mwaka, kisha mashindano yakikaribia vyumba vinarudishwa kwa maelfu kwa sababu mashabiki ni wachache kuliko makisio. Mwaka 2010 ndivyo ilivyotokea kwa wakala wa malazi wa FIFA. Kwa hiyo mkataba uwe na tarehe ya mwisho ya kurudisha vyumba, walau miezi 4 au 5 kabla ya mechi, na amana isiyorudishwa baada ya tarehe hiyo. Miezi hiyo inatosha kumrudia wakala wa safari aliyeambiwa hakuna nafasi. Wiki 3 hazitoshi.

Mashindano yanayotumia kilichopo

Kwa maoni yangu, mjadala wetu unaegemea mno kwenye soka na viwanja, wakati mifano ya utalii wa michezo iliyokaa vizuri iko mlangoni.

Safari Rally ilirudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 ikiwa na makao Naivasha, kilomita kama 90 kutoka Nairobi. Uwanja wake ni vumbi la Bonde la Ufa: Kedong, Soysambu, Hell's Gate. Miaka ya mwanzo ilikimbiwa Juni. Tangu 2024 imehamia Machi, kipindi ambacho hoteli nyingi za Kenya zinatafuta wateja. Kitanda kinachojazwa Machi kina thamani ya nyongeza karibu yote. Kitanda hichohicho Julai kina thamani ya kubadilishana tu.

Kilimanjaro Marathon ya Moshi hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika. Mkimbiaji wa mbali haji peke yake. Anakuja na mwenza au rafiki asiyekimbia, na wengine hupanda mlima kabla au baada ya mbio. Anayepanda kwa siku 6 anahitaji muongozaji, mpishi na wapagazi, na hao wote ni vijana wa Marangu, Machame na Moshi mjini. Zege lililomwagwa kwa ajili ya mbio hizo ni sifuri.

Rwanda nayo iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli jijini Kigali tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Njia ilikuwa barabara na milima iliyopo. Gharama yake ilionekana kwa namna nyingine: barabara zilifungwa, shule za jiji zikafungwa wiki nzima, watumishi wengi wa umma wakafanyia kazi nyumbani. Biashara iliyo nje ya njia ya baiskeli ilihisi. Lakini baada ya wiki ile hakuna jengo lililobaki likidai taa, nyasi na walinzi.

Baiskeli na rali zina faida moja ya picha ambayo soka haina, na hapa tuiguse ile imani kwamba "dunia nzima itatuona kwenye televisheni." Kamera ya soka inaangalia nyasi. Kwa dakika 90 uwanja wa Nairobi, wa Doha na wa Lyon unafanana. Kinachoonekana cha nchi ni sekunde chache za picha ya angani kabla ya mechi na wakati wa mapumziko. Mbio za baiskeli au magari huonyesha nchi kwa saa nzima mfululizo, kwa kuwa nchi yenyewe ndiyo uwanja. Tukitaka soka liuze mandhari, ni lazima picha zitayarishwe mapema na kukabidhiwa warusha matangazo zikiwa tayari na haki zake: Ngorongoro asubuhi, Mji Mkongwe jioni, chanzo cha Nile pale Jinja. Warushaji hawatazitafuta wenyewe.

Na televisheni inabeba pia kisichotakiwa. Tarehe 24 Januari 2022, katika AFCON ya Cameroon, watu 8 walifariki katika msongamano kwenye lango la uwanja wa Olembe, Yaoundé, siku ndugu zetu wa Comoro walipocheza na wenyeji. Nchini Kenya wakati wa CHAN, mashabiki walivunja vizuizi kuingia Kasarani, na CAF ikapunguza idadi ya watazamaji wa mechi iliyofuata ya Kenya hadi asilimia 60 ya viti na kutaka tiketi za kielektroniki pekee. Chanzo mara nyingi ni kilekile: watu wengi wasio na tiketi wanafika hadi lango la mwisho kabla ya kukaguliwa. Dawa inajulikana. Ukaguzi wa kwanza unafanywa mbali na geti, kwenye barabara za kuingilia, ili asiye na tiketi ageuzwe pale ambapo kuna nafasi ya kugeuka. Mageti yote yanafunguliwa saa 3 au 4 kabla ya mechi, na hakuna geti linalofungwa ghafla wakati umati uko mbele yake. Familia iliyotazama maafa kwenye luninga hainunui tiketi ya ndege kuja kutalii.

Fedha ikiingia, inakaa wapi?

Tuseme tumepata wageni wa nyongeza kweli. Swali la mwisho la hesabu ni kuvuja. Mgeni akitumia dola 1,000 kwa safari yake, sehemu kubwa ya nauli ya ndege haifiki kwetu kabisa. Chumba kilichokatwa kwenye tovuti ya kigeni huacha huko kamisheni, mara nyingi asilimia 15 hivi. Hoteli ya mnyororo wa kimataifa hupeleka sehemu ya faida kwao. Mvinyo unatoka nje, na jibini vilevile.

Sasa mfuate shabiki huyohuyo akiwa amesimama nje ya Uwanja wa Mkapa na njaa yake, mbele ya banda la chipsi. Viazi ni vya Njombe, vilishuka kwa fuso usiku. Kuku amefugwa pembezoni mwa jiji. Mkaa, kachumbari, tomato sosi, kijana anayemenya, mwenye banda, bodaboda aliyeleta mafuta. Kilichoagizwa kutoka nje hapo ni kidogo, labda sehemu ya mafuta ya kupikia. Shilingi 8,000 ya sahani ile inazunguka mikono sita au saba ya nyumbani kabla haijavuka mpaka. Ndiyo maana suala la nani anaruhusiwa kuuza karibu na uwanja ni suala la uchumi kabisa, wala si huruma kwa maskini. Mashindano makubwa huweka eneo la wadhamini kuzunguka uwanja, ambamo wauzaji wasio na kibali huondolewa. Nchini Brazil, wanawake wanaouza acarajé, maandazi ya kunde yanayokaangwa kwa mawese katika jiji la Salvador, waligoma kuondolewa kwenye uwanja wa Fonte Nova, wakapigania hadi baadhi yao wakaruhusiwa kuuza humo. Ombi la namna hiyo kwa mama lishe wa Temeke, Kasarani na Namboole linatakiwa kuwekwa mezani wakati mikataba inajadiliwa. Wiki ya mechi, kila kitu kimeshasainiwa.

Tusisahau pia wageni wa barabarani, ambao takwimu za utalii huwapa uzito mdogo kuliko wanavyostahili. Shabiki wa Lubumbashi anayekuja kwa basi kupitia Zambia na Tunduma analala njiani, anakula Mbeya na Morogoro, na akifika Dar es Salaam anakwenda Kariakoo. Anaondoka na mabegi manne. Wa Comoro naye vivyo hivyo. Wa Juba atafanya hivyo Owino pale Kampala, au Eastleigh jijini Nairobi. Soko la jumla ndilo hifadhi yao ya wanyama. Kuwawekea saa za biashara hadi usiku, taa, na mahali salama pa kubadilishia fedha ni gharama ndogo kuliko tangazo moja kwenye runinga ya Ulaya.

Siku kati ya mechi

Hapa ndipo fursa yetu kubwa ilipo. Timu hucheza mechi 3 za makundi, na kati ya mechi moja na nyingine kuna siku 3 hadi 5. Shabiki amekwishalipa nauli ya ndege. Siku hizo zinamkuta chumbani, akiangalia simu. Bidhaa ya kumuuzia ni safari fupi ya siku 1 au 2, yenye bei iliyoandikwa wazi, inayorudi mjini kabla ya mechi. Kutoka Arusha hadi geti la Tarangire ni kama saa 2. Hifadhi ya Nairobi iko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Boti ya Dar es Salaam hadi Unguja ni kama saa 2, na treni ya SGR ya Nairobi inafika Mombasa kwa saa 5 au 6. Jinja ni kama kilomita 80 kutoka Kampala.

Tatizo ni kwamba karibu kila safari iliyopo sokoni imepangwa kwa mgeni wa siku 7 mwenye bajeti ya Ulaya. Kwenye hifadhi za taifa za Tanzania, raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kiasi kidogo. Raia wa Mali au Ghana yuko fungu moja na Mjerumani, analipa kwa dola. Shabiki aliyekuja kwa kuchangiwa na kikundi chake cha ushangiliaji Bamako hawezi. Kiingilio maalumu cha Mwafrika mwenye tiketi ya mechi, kwa siku za kati ya wiki, kinaweza kujaza magari ambayo yangelala.

Kisha kuna mpaka. Viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki inauzwa dola 100 kwa siku 90 na inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Msafiri ambaye pasipoti yake inahitaji viza, timu yake ikianzia Kampala kisha mtoano ukaipeleka Dar es Salaam, anaanza upya: ombi jingine, kwa wengi dola 50 nyingine, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkononi kwa sababu anatoka Uganda. Akitaka kupumzika Zanzibar, kuna bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni, iliyoanza Oktoba 2024. Kila kimoja kina sababu yake. Vikijumlishwa, usiku ule wa furaha timu imefuzu na mechi iko baada ya siku 4, shabiki anaangalia orodha hiyo na kuamua kuangalia mechi kwenye baa ya Kampala. Tumepoteza usiku wake kwa karatasi. Mashindano ya nchi tatu yanahitaji kibali kimoja kinachofungamanishwa na tiketi, chenye kipengele cha chanjo ndani yake, kinachosomeka Namanga, Sirari, Mutukula na kwenye viwanja vya ndege vyote kwa mashine ileile.

Baada ya filimbi

Uwanja wa Cape Town ulichukua miaka mitano kupata tukio kubwa la kila mwaka, raga ya wachezaji saba iliyoanza kuchezwa hapo Desemba 2015, na timu ya raga ya Stormers ikahamia 2021, miaka 11 baada ya Kombe la Dunia. Huo ni mji tajiri wenye watalii wengi. Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, ilijengewa uwanja wa watazamaji 44,000 kwa mechi 4 za mwaka 2014, katika mji ambao haukuwa na klabu ya ligi kuu. Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa 2007, haujawahi kuwa na tatizo hilo kwa sababu Simba na Yanga wapo. Kila uwanja mpya wa Arusha, Nairobi au Hoima uulizwe swali hilohilo: Jumamosi ya kawaida ya Novemba 2028, nani anacheza hapa na nani analipa umeme? Jibu likiwa ni "matamasha", ombeni ratiba.

Barcelona, mji unaotajwa na kila anayetetea mashindano, ulipata mafanikio yake kwa njia hii ya kufikiria mapema. Wageni wa hoteli walikuwa kama milioni 1.7 mwaka 1990 na zaidi ya milioni 3 mwaka 2000. Lakini sehemu ndogo tu ya fedha za Olimpiki ya 1992 ndiyo iliyokwenda kwenye viwanja vya michezo. Nyingine zilijenga barabara za mzunguko, zikapanua uwanja wa ndege, zikaondoa reli na viwanda vilivyokuwa vimeuziba mji na bahari, zikafungua fukwe. Mtalii wa leo hajui mbio zilikimbiwa wapi. Anajua ufukwe.

Sisi fukwe tunazo, na wanyama, na mlima. Tanzania ilipokea zaidi ya watalii wa kigeni milioni 2.1 mwaka 2024, Kenya karibu milioni 2.4. Hatuanzi sifuri kama mji usiojulikana, na hilo linafanya kupima nyongeza kuwa kugumu zaidi: mashabiki watamezwa ndani ya idadi ambayo ingekuja tu. Idara za uhamiaji na ofisi za takwimu hufanya tayari utafiti wa wageni wanaoondoka. Kinachohitajika ni kuongeza maswali machache kwenye karatasi hiyo, kuanzia mwaka mmoja kabla ya mashindano hadi mwaka mmoja baada yake, kwenye viwanja vya ndege na mipaka ya barabara: Je, ungekuja nchini kipindi hiki kama mashindano yasingekuwepo? Umesogeza tarehe ya safari kwa sababu yake, mbele au nyuma? Umelala usiku ngapi, na katika miji gani? Na kwa anayerudi mwaka 2028: ulikuwa hapa wakati wa AFCON?